Mamangu amependa soko la mashambani. Nimpeleke wapi wikendi?

MwanaMalindi: Asalaam aleikum jamaa. Mamangu nilimleta hapa mjini mwezi wa tisa, magoti yalipomkatalia kulima kule Marafa. Tangu hapo ni kushinda barazani, kimya. Jumamosi iliyopita tukitoka Watamu nikasimama Gede kununua ndizi. Akashuka. Akachukua embe ngowe, akalinusa pale kwenye kikonyo, akalirudisha. La pili vilevile. La tatu akalifunga kwenye leso. Mara wako kwenye Kigiriama na muuzaji, nami nimesimama saa nzima na funguo mkononi. Usiku akapika mboga ya mtsunga kwa tui, tukala na sima, akanihadithia habari za babu ambazo sikuwahi kuzisikia.

Nataka iwe desturi yetu. Mke wangu ahofia jua. Na mama asema "soko lina siku yake, si Jumamosi." Sikumwelewa. Nisaidieni.

BinSabaki: Ndugu yangu, mamako ahesabu wiki ya Kigiriama: kwaluka, kurimuka, chipalata, jumwa, kisha yaanza upya. Siku nne tu. Masoko ya zamani ya mashambani yalikwenda kwa hesabu hiyo. Soko la namna hiyo huangukia Jumamosi mara moja kila siku 28, na Jumapili mara moja. Mwache yeye akuhesabie, usimwekee kalenda yako.

Mama Ukindu: Mwanangu, Mungu akubariki. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mshafika, saa tatu mwarudi, jua halitamkuta. Mtilie kigoda garini. Mchukulie kikapu cha ukindu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na mikono yake haitaweza mafungu yote yale. Na usimpatanie bei! Mpe pesa mkononi, keti kando. Muuzaji akimjazia mkebe wa pojo hadi ufanye kichuguu juu, hiyo ni heshima apewayo yeye, wewe hutapewa.

Kadzo_K: Mimi Gede kila wikendi sikubali. Maembe, korosho na asali nzuri zipo, lakini pale ni njia panda, magari hayaishi, mzee hana utulivu. Mpeleke kwao Marafa. Mnavuka daraja la Sabaki, mnapita Mambrui, mwaingia ndani. Atakutana na waliolima naye. Ukweli ni kwamba hakufurahia embe peke yake, amefurahi kuulizwa habari kwa lugha yake na mtu anayejua mvua ilinyesha lini.

Mama Ukindu: Kadzo kasema kweli. Lakini mvua ikiwa imenyesha, usiende na gari dogo.

BinSabaki: Na akikuta mbegu za kunde za kienyeji, mnunulie. Hata ndoo mbili uani zatosha kupandia.

MwanaMalindi: Nimesoma nikalia kidogo. Kadzo, hilo la lugha sikuwa nimeliona; watoto wangu hawakijui Kigiriama, tutakwenda nao. Nimemuuliza mama jioni hii. Amehesabu kwa vidole, akarudia, akasema soko la kwao ni Jumapili hii. Ameshaitoa leso yake akaitundika mlangoni. Kigoda kimo garini.