Kwani tuliacha kusapoti vita ya Somalia lini?

MzeeKijana_Umoja
Wadau, kuna swali inanisumbua. Mnakumbuka Oktoba 2011? Mawaziri Saitoti wa usalama na Yusuf Haji wa ulinzi wakatangaza jeshi letu linavuka mpaka kuingia Somalia, watalii wametekwa kule Lamu, wafanyakazi wa MSF, wale madaktari wa misaada, wamechukuliwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, imetosha. Hiyo wiki kila kinyozi alikuwa jenerali, watu ambao hawajawahi kufika hata Garissa wanakuelezea Kismayo itaanguka siku gani, na Meja Chirchir, msemaji wa jeshi, huko Twitter anaonya watu wasiuzie Al-Shabaab punda. Na Kismayo ikaanguka kweli, mwaka uliofuata. Leo uliza mtu kama KDF, jeshi letu, bado wako Somalia, anakuangalia kama umemuuliza hesabu ya darasa la nane. Sasa hii sapoti ilikufa lini hasa? Ni lile shambulio la mall ya Westgate?

Wangui_wa_Rongai
Si Westgate. Westgate 2013 ilifanya watu wakasirike zaidi, nakumbuka foleni za kutoa damu pale Uhuru Park. Kwangu ni El Adde, Januari 2016, kambi yetu huko Somalia iliposhambuliwa na Al-Shabaab. Hassan Sheikh, rais wa Somalia wakati huo, alisema kwa TV waliokufa ni kama 180 hadi 200, jeshi letu likakataa, sawa, basi ni wangapi? Mpaka leo serikali haijasema. Ibada ikafanywa Moi Barracks Eldoret, Uhuru akaenda, Buhari wa Nigeria akaenda, Hassan Sheikh mwenyewe akaenda, hotuba zote zikatolewa isipokuwa hiyo namba. Mimi hapo ndio niliacha kufuatilia, maana unaombolezaje watu ambao hata hujui ni wangapi.

Mwalimu_Historia
Wangui umegusa penyewe. Angalieni Wamarekani na Vietnam. 1965 Gallup, wale wa kura za maoni, wakiuliza kama ilikuwa makosa kupeleka wanajeshi, karibu robo tu ndio walisema ndio. Kufika 1968 baada ya yale mashambulizi makubwa ya Tet wameshapita nusu. Kuna profesa wao anaitwa John Mueller aliandika 1973 kwamba watu wanakimbia vita haraka pale mwanzo, maiti za kwanza kwanza, halafu inakuwa polepole maana waliobaki ni wale wagumu. Lakini hiyo inahitaji maiti zihesabiwe na ziwe karibu na wewe. Kule kulikuwa na draft, kijana wa mama fulani alikuwa anaitwa kwa lazima, ndio maana vyuo viliwaka. Hapa kwetu nani ameitwa kwa lazima? Siku ya kuajiri KDF vijana wanajaa uwanja na vyeti mkononi kutoka alfajiri, na kuna wazee wameuza ng'ombe ili kijana apite. Akifa, kijiji kimoja kinalia na Nairobi haisikii. Kwa hivyo mimi nasema sapoti haikugeuka upinzani, ilizimika tu, na hiyo inaifaa serikali kuliko kupendwa, kwa sababu hakuna mtu anauliza bajeti wala tarehe ya kurudi.

Kijana_wa_7thStreet
Mnaongea "kupenda" na "kuacha" nyinyi ni nani? Huku Eastleigh, mtaa wa Wasomali, hakuna mtu alituuliza 2011. Aprili 2014 na huo msako wa polisi, Usalama Watch, watu wakabebwa na malori wakajazwa uwanja wa Kasarani, wengine wana vitambulisho vya Kenya mfukoni. Mandera mwaka huo huo basi likasimamishwa watu 28 wakauawa, wiki mbili hazijaisha machimbo ya mawe, 36. Hiyo kwenu ilikuwa habari ya saa moja. Vita haikuwa mbali, ni nyinyi mlikuwa mbali.

Otis_K'Dala
Upinzani ulikuwepo jameni msisahau. Saba Saba 2014 Baba, yaani Raila, alisema wazi KDF warudi nyumbani.

Wangui_wa_Rongai
@Otis na 2011 wakiingia si alikuwa waziri mkuu 😂 Na 2017 sikumbuki hiyo ikiwa ajenda kubwa mahali popote, tulikuwa kwa bei ya unga.

Mama_Brayo
Kujibu mwenye swali, bado wako. Jina la kikosi cha Umoja wa Afrika ndio linabadilika, AMISOM, halafu ATMIS, tangu 2025 ni AUSSOM. Ndugu yangu ameenda zaidi ya mara moja. Akirudi likizo majirani wanamuuliza kama amejenga.

MzeeKijana_Umoja
Asante Mama Brayo, na Mungu amlinde. @Mwalimu, na hii ya kupeleka polisi wetu Haiti je? Hiyo ilipingwa kabla hata ndege haijaruka, High Court ikaizuia Januari 2024, na bado polisi wetu wakatua Port-au-Prince 25 Juni, siku ile ile vijana wanaingia Bunge.

Mwalimu_Historia
Haiti ilianza bila sapoti, kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kufifia. Lakini jiulize wewe, mwaka mmoja baadaye ni nani alikuwa bado anaiongelea?

Kijana_wa_7thStreet
Waulize familia za hao polisi.