Nina Addison, asubuhi mwili unagoma kabisa. Niongeze dozi?

TeziZimegoma:
Wakuu habari zenu. Nina Addison, yaani tezi za juu ya figo hazitengenezi homoni ya kotisoli, mwaka wa pili huu, nameza haidrokotisoni (kotisoli ya kidonge) miligramu 20 kwa siku, 10 nikiamka saa moja, 5 mchana, 5 saa mbili usiku nikishakula. Shida ni asubuhi, yaani naamka kama nimetwangwa usiku kucha, nikivaa soksi ya kwanza lazima nipumzike ndo nivae ya pili, halafu usiku sasa macho makavu mpaka saa nane. Juzi nimepima kotisoli saa tisa mchana nikaambiwa iko chini, sasa mbona dawa nameza?? Niongeze au?

Chumvini:
Pole sana, hiyo ya soksi naijua vizuri, mimi huu mwaka wa 9. Usiongeze kwanza, angalia saa unazomezea. Mtu mwenye tezi nzima kotisoli yake inaanza kupanda kwenye saa tisa usiku huko akiwa bado anakoroma, akiamka tenki limeshajaa, halafu inashuka polepole mpaka usiku wa manane ndo inakuwa chini kabisa. Sisi tunaamka tenki kavu, maana hii dawa haikai, kila saa moja na nusu hivi inabaki nusu, ya jana usiku ilishaisha zamani. Mimi kidonge na glasi ya maji viko pembeni ya kitanda, alamu inalia saa kumi na moja, nameza jicho moja limefumba narudi kulala, saa kumi na mbili na nusu naamka mtu. Na hiyo ya saa mbili usiku ndo inakukesheza, ya mwisho huwa inatakiwa masaa manne mpaka sita kabla ya kulala. Muulize daktari wako lakini, usihamishe kienyeji. Kipimo cha saa tisa achana nacho, kinategemea tu umemeza saa ngapi.

MateYaUsiku:
Kwangu ilikuwa kinyume, Cushing, yaani kotisoli imezidi, usiku haishuki ng'o. Kilichonikamata ni kipimo cha mate, unatafuna kipamba saa tano usiku unakirudisha kwenye kichupa. Nimetolewa tezi moja yenye uvimbe, sasa iliyobaki imelala fofofo na mimi nameza haidrokotisoni kama nyie, maisha haya 😅

ShiftiYaUsiku:
Na kwa wanaokesha kazini, dozi kubwa inafuata muda unaoamka, hata kama ni saa kumi jioni. Ila ukitapika kidonge kikatoka, au kinagoma kukaa tumboni, hapo habari ya ratiba hamna, ni sindano ya dharura na hospitali, usisubiri kupambazuke.

TeziZimegoma:
Mrejesho: daktari kakubali, ya usiku imehamia saa kumi jioni, ya asubuhi nameza alfajiri. Leo siku ya nne, nimevaa soksi zote mbili bila kupumzika. Usingizi bado unasumbua lakini saa sita nakuwa nimelala.

Chumvini:
Saa sita siyo mbaya. Kile kidonge kifunike tu, mimi paka alikisukuma chini ya kitanda nikakitafuta gizani kwa magoti.