Naomba ushauri: kiyoyozi kinachofuata utabiri, nyumba ya mawe Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasimamia nyumba ya wageni Lamu mjini, kuta za mawe ya matumbawe, unene kama dhiraa moja. Fundi alifunga kidhibiti kinachosoma utabiri wa hali ya hewa ili viyoyozi vipoze vyumba mapema, umeme wa sola ungalipo. Chumba cha juu chini ya bati kimekubali. Vya chini wapi! Ukuta hunywa joto mchana kutwa, hulitoa usiku, na kaskazi hii wageni hawalali. Nimeshusha nyuzi kutoka 26 hadi 23; bili ndiyo iliyopanda.

Je, kipimajoto nikipachike ukutani badala ya kupima hewa tu? Na kwa ukuta mzito hivi, programu ya kidhibiti itazame utabiri wa saa 12 zijazo au 24?