Kusafisha bodi ya shaba kabla ya kupiga tona: msasa, siki na chumvi, unga wa ndimu au asetoni?

Saketi_Mtwapa
Salaam aleikum wakuu. Kuna bodi kumi za kutengenezea saketi, za FR-4 (nyuzi za kioo na gundi ngumu), zenye shaba ya mikroni 35 upande mmoja, zimekaa stoo hadi zimeota madoa ya kahawia. Tona (unga wa wino wa printa ya leza) itahamishwa kutoka karatasini kwa pasi, iwe mchoro unaokinga shaba isiliwe na dawa, na njia nyembamba kabisa ya shaba ni mm 0.4. Vilivyopo: msasa wa maji, sponji ya kijani ya sufuria, stilwuli (nyuzi za chuma za kusugulia), siki na chumvi, unga wa ndimu (asidi ya sitriki), asetoni. Kipi bora kwa hewa hii yetu ya chumvi, na kitangulie kipi?

Fundi_Likoni
Waleikum salaam. Ndugu yangu, hivyo si washindani, kila kimoja chaondoa uchafu wake. Mafuta ya vidole hayatoki kwa siki, na kutu ya shaba haitoki kwa asetoni. Ukipiga msasa juu ya mafuta, wayapaka bodi nzima.

Anza kwa kupiga tupa kingo za bodi. Msumeno huacha ukingo wa shaba ulioinuka kidogo sana. Karatasi ikiegemea pale, pasi haikandamizi sawa na tona ya pembeni yabaki karatasini. Wengi husingizia uchafu, kumbe ni ukingo.

Kisha sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na losheni ya mikono, na sponji ya kijani. Sugua kwa urefu, halafu kwa upana, ili mikwaruzo ikatane. Bodi ya sm 10 kwa 15 yataka dakika mbili hivi. Toka hapo ishike kingo tu, au vaa glavu.

Msasa ni wa madoa sugu, namba 1000, ukiwa umelowa. Namba 400 yachimba mifereji: tona hukaa juu ya mfereji bila kuujaza, dawa ya kula shaba ikapita chini yake, na njia zatoka zimemegeka. Tena usisugue FR-4 kavu, vumbi la kioo si la kuvuta mapafuni.

Dada_Tudor
Naongeza upande wa tindikali. Kati ya siki na unga wa ndimu, mimi nachagua unga wa ndimu bila kusita. Kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 15, katika robo lita ya maji ya uvuguvugu. Zamisha dakika mbili au tatu ukitikisa chombo cha plastiki. Madoa ya kahawia yanayeyuka na shaba inakuwa ya waridi.

Siki na chumvi hufanya kazi haraka kwa sababu kloridi ya chumvi inaisaidia tindikali kuila kutu. Lakini kloridi hiyo hiyo ikibaki juu ya bodi, shaba inageuka kijani au kahawia upesi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hewa yetu tayari ina chumvi, hakuna haja ya kuongeza nyingine. Ndimu za soko la Kongowea au ukwaju, kama tunavyosafishia masinia ya shaba, vinafaa pia, ila nyama na sukari ya tunda vitahitaji kusuuzwa mara nyingi.

Changamwe_Elektroniki
Nakubaliana na Dada. Stilwuli iwekeni kando kabisa. Nyingi hupakwa mafuta zisishike kutu, na zile za jikoni zina sabuni ndani. Vipande vyake vinakatika na kubaki juu ya shaba: kimoja chini ya karatasi kinatosha kuinua tona na kuacha tundu katikati ya njia.

Asetoni nayo ina mtego wake hapa Mombasa. Inakauka kwa kasi na kuipoza bodi, na unyevu wa hewa ukiwa juu, ukungu wa maji unatua palepale. Pangusa kwa kitambaa cheupe cha pamba, upande mmoja tu, badilisha kitambaa, rudia, kisha pasha bodi kwa mashine ya kukaushia nywele. Dawa ya kutoa rangi ya kucha usiitumie. Nyingi zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi.

Saketi_Mtwapa
Shukran. Na kusuuza? Maji ya hapa ni ya kisima, yana chumvi. Bodi ikikauka inabaki na alama nyeupe, asubuhi imeshafifia.

Changamwe_Elektroniki
Hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Suuza kwanza kwa maji hayo ya kisima, halafu malizia kwa maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Angalia lebo: unataka maji yaliyotoneshwa (distilled water), si asidi ya betri. Mililita 100 zikimiminwa taratibu zinatosha bodi moja. Maji ya mvua safi pia yanafaa.

Na bodi isilale. Chapisha karatasi kwanza, washa pasi, ndipo usafishe. Kati ya kukausha na kubandika karatasi zisipite dakika kumi. Bodi zote kumi usizisafishe kwa mpigo.

Fundi_Likoni
Kipimo cha maji pia msikisahau. Mimina maji, inamisha bodi. Yakitanda kama utando mmoja kwa nusu dakika, mafuta hamna. Yakijikusanya matone, rudi kwenye sabuni, usirudi kwenye tindikali.

Dada_Tudor
Kipimo hicho cha Fundi kinaonyesha mafuta, lakini kutu nyepesi inaweza kukipita. Kwa hiyo mimi nashauri hatua moja zaidi: zamisha bodi kwenye feriki kloraidi, ile dawa ya kula shaba, kwa sekunde tatu hadi tano tu, toa, suuza. Shaba yote iwe ya waridi iliyofifia, rangi moja. Sehemu inayobaki kung'aa ina kitu juu yake, na tona haitashika hapo. Pia uso unapata ukwaruzo mdogo sana ambao tona inaupenda. Rudisha bodi kwenye unga wa ndimu nusu dakika kuondoa mabaki ya njano, kisha maji ya betri.

Maji yaliyotumika yana shaba, na shaba ni sumu kwa viumbe wa baharini. Mitaro yetu inaishia kwenye mikoko, tafadhali msiyamwage huko. Tia magadi kidogo kidogo mpaka yaache kutoa povu, acha tope litulie, chuja, tope liende kwenye chupa iliyofungwa.

Changamwe_Elektroniki
Jambo dogo kwa watakaopita hapa: haya yote ni kwa bodi tupu. Bodi iliyouzwa ikiwa tayari imepakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga haisuguliwi wala haioshwi. Unabandua plastiki yake, unaweka mchoro juu na kuianika kwenye mwanga bila kuisafisha.

Saketi_Mtwapa
Nimeelewa: tupa, sabuni na sponji, unga wa ndimu, feriki sekunde chache, unga wa ndimu tena, maji ya betri, kukausha, pasi. Msasa 1000 kwa zile mbili zenye madoa meusi tu.

Fundi_Likoni
Naam. Na hizo mbili zipige msasa baada ya sabuni, si kabla.