Kampuni ya utalii Iringa imetulipisha hela tumsikilize kijana akisema Mkwawa alipigana Vita vya Maji Maji

Wakuu, nina hasira na nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni mkazi wa Iringa mjini. Mwezi huu wa saba mdogo wangu alioa, ndugu wakaja kutoka Dar, Mbeya, Makambako na Njombe. Harusi ikaisha salama. Kabla hawajaondoka wakaomba watembezwe sehemu za Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na aliyelishikia bango jambo hili ni shangazi yetu wa Uyole. Huyu mama ni Mhehe halisi, aliolewa Mbeya angali binti, na miaka yote amekuwa akisimulia habari za Mkwawa bila kuwahi kuingia makumbusho ya Kalenga. Kwa kuwa tulikuwa na wazee na watoto, tukaona tutafute watu ambao kazi yao ndiyo hiyo, tulipe, tupelekwe kwa heshima.

Jina la kampuni siliweki hapa, msinisumbue inboksi. Tangazo lao la WhatsApp lilikuwa tamu: mnara wa Lugalo, Boma, Kalenga, kaburi la Mlambalasi, korongo la Isimila, halafu jioni "machweo juu ya jiwe la Gangilonga, mji mzima ukiwa miguuni pako". Mwongoza wageni mzoefu, chakula cha asili, Kosta. Wakataka hela yote mapema, tukatuma yote mapema.

Ikaja Noah mbili. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, zikafika inaelekea saa nne, na moja madirisha ya nyuma hayafunguki. Haya, hilo nalipita, usafiri ni usafiri. Nililokuja kulisema ni la huyo "mzoefu".

Tumefika Lugalo, ule mnara wa barabara kuu ya kwenda Morogoro. Watoto wetu wa Dar wakacheka, kwao Lugalo ni hospitali ya jeshi. Hapo ndipo mwongoza wageni mwenye akili angeanzia, awaambie kuwa kambi ile ya Dar imepewa jina la mahali hapa hapa waliposimama. Kijana wetu hakulidaka. Akaupiga mnara kofi, akasema, "Huu aliujenga Mkwawa kusherehekea ushindi wake kwenye Vita vya Maji Maji."

Nilidhani nimesikia vibaya. Binamu yangu anayefundisha sekondari akamuuliza, Maji Maji? Akajibu bila wasiwasi wowote, "Ndiyo, Maji Maji ilianzia hapa."

Wakuu. Vita ya Lugalo ilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891. Maji Maji ni 1905 hadi 1907, ikaanzia Umatumbi kule kusini mashariki, wakati Mkwawa ana miaka saba kaburini. Na mnara ule aliujenga Mjerumani kuwakumbuka watu wake waliouawa pale. Yaani kijana amesimama mbele ya kumbukumbu ya walioshindwa, anaisifu kuwa ni ya mshindi, na anajiita mwongozaji!

Kinachouma ni kwamba habari yenyewe ya kweli ni tamu kuliko porojo yake. Emil von Zelewski hakuwa "gavana wa kwanza" kama alivyotuambia, alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani, na wenyeji walimwita Nyundo. Alikuja Uhehe na askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na dharau. Wahehe wakamvizia njiani, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao tu, na kwa dakika chache kikosi kile kikavunjwa, Zelewski mwenyewe akauawa. Himaya nzima ya Ulaya ikatikisika kwa tukio la pale kando ya barabara ambapo leo mabasi yanapita spidi bila hata kupiga honi. Mtoto wa darasa la sita ukimsimulia hivyo hasahau. Wetu waliondoka pale wakijua kitu kimoja tu, nacho ni uongo.

Tukarudi mjini, Boma. Hapo wale wanaohudumia jengo walitupokea vizuri na walijua kazi yao, ila kijana wetu akawakatiza akisema "tuna ratiba", akatutoa nje na kutuambia jengo lile lilikuwa ikulu ya Mkwawa. Ikulu! Jengo la Mjerumani, mji wenyewe wa Iringa pale juu ulianzishwa na Mjerumani, Tom von Prince, mwaka 1896, Mkwawa akiwa porini anawindwa. Makao ya Mkwawa yalikuwa Kalenga. Binamu yangu mwalimu wakati huo alishakwenda kukaa ndani ya gari peke yake.

Mchana tukapewa chipsi na soda. Hicho ndicho chakula cha asili. Asili ya wapi sijui.

Kalenga sasa. Naomba hapa mnisome taratibu.

Waliofika wanajua, makumbusho yale ni jengo dogo tu, na ndani, kwenye kisanduku cha kioo, limo fuvu la Mtwa Mkwawa. Shangazi alipofika mlangoni akajifunga khanga ya pili kiunoni, akaingia polepole, akasimama mbele ya kile kioo. Akapiga goti. Akasema, "Kamwene, Mtwa." Sote tukanyamaza, hata wale watoto wa simu wakashusha simu. Mama wa watu alianza kusema maneno kwa Kihehe, sauti ya chini, mkono umeshika ukingo wa meza.

Kijana wetu akapiga makofi mawili. "Mama, tusonge, tusonge! Kuna wazungu wangu wanashuka uwanja wa ndege Nduli saa kumi, lazima niwahi."

Nawaapia sijawahi kuwa karibu hivyo kumpiga mtu. Mzee wa pale makumbusho ndiye aliyemwambia ngoja nje, akamwacha shangazi amalize, kisha akakaa na sisi akatueleza vizuri kwa dakika chache alizoachiwa. Mungu ambariki yule mzee.

Mlangoni tena akatuachia lingine la kuagia: kwamba Mkwawa alipigwa risasi na Wajerumani, na fuvu lake alilirudisha Mwalimu Nyerere baada ya Uhuru. Mbele ya ukoo wa Wahehe, mtu anasema Mkwawa alipigwa risasi na Wajerumani! Kila mtoto wa huku anajua alijipiga mwenyewe, Julai 1898, ili wasimshike akiwa hai. Walimtafuta miaka karibu minne tangu Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894, wakaweka zawadi ya rupia 5,000 juu ya kichwa chake, na walichopata ni maiti. Wakamkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani.

Na kurudi kwake hakukuwa kwa Nyerere. Suala la fuvu hili liliandikwa ndani ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Hebu fikiria, mataifa makubwa yanagawana dunia baada ya vita kuu, na katikati ya karatasi zao kuna kichwa cha mtu wa Kalenga. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Gavana Mwingereza, Edward Twining, ndiye aliyekwenda Bremen mwaka 1953, akakuta mafuvu kama 2,000 makumbusho ya kule, akaanza kupunguza: yaliyotoka Afrika Mashariki, halafu yanayokaribiana vipimo na ndugu wa Mkwawa walio hai, halafu lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huyu huyu aliyekuja kuwa Spika wetu wa Bunge miaka na miaka. Kuna watu hadi leo wanauliza kama kweli ndilo lenyewe, na huo nao ni mjadala mzuri wa kuwapa wageni wakaondoka nao. Yeye katuachia "Nyerere alilirudisha".

Kuhusu Mlambalasi, ambako mwili wake umezikwa: hatukwenda. Sababu? Muda. Wakati kutoka Kalenga ni kuendelea mbele na barabara ile ile ya Ruaha! Shangazi alitoka Uyole na kanga mpya ya kufunika kaburi, amerudi nayo.

Isimila nayo hatukwenda. Hapa sababu ni kichekesho: "korongo limejaa maji." Mwezi wa saba. Iringa. Vumbi hadi kwenye nyusi, ndoo ya maji tunaitafuta kwa tochi, yeye korongo lake limejaa. Zile nguzo za mchanga tuliona kwenye tangazo tu, zile zile zilizotufanya tutume hela. Nilikuwa nimewaahidi watoto wataona mashoka ya mawe ya watu wa kale, yaliyolala pale mamia ya maelfu ya miaka. Sasa hivi wananiita "anko Isimila".

Halafu machweo. Akatuacha Kalenga zaidi ya saa mbili na gari moja, akaenda Nduli na lingine kuchukua wazungu wake. Akarudi jua limeshazama. Gangilonga tumefika saa moja na kitu usiku. Mnaolijua lile jiwe mnajua lilivyo: unapenya katikati ya mawe, unapanda, ukifika juu unaona Iringa yote, mabati, miti, milima kule nyuma, na jioni lile jua la huku likipiga paa za Uhindini kunapendeza jamani. Tulipandisha watoto kwa tochi za simu, mmoja amevaa viatu vya harusi maana vya kawaida vilibaki Noah ya pili. Wazee walibaki chini kwenye baridi. Juu kule giza tupu, upepo unakata masikio. Kijana akanyoosha mkono akasema, "Ule mji, mnaona taa."

Taa za mjini mimi naziona bure kwetu kila siku.

Kesho yake nikaenda ofisini kwao. Kwanza nikaomba risiti za viingilio, maana tulitozwa kwa kichwa na wakadai ni "bei ya serikali". Kumbe mzee wa Kalenga alishanionyesha bei ya raia: chini ya nusu ya walichotutoza. Nikauliza tofauti imekwenda wapi, dada wa mapokezi akasema ni "huduma". Nikaomba kuonana na bosi. Bosi akanisikiliza mpaka mwisho, nikaleta habari ya Maji Maji na mnara, akatabasamu na kuniambia, "Mkuu wangu, historia kila mtu ana toleo lake. Na wageni wengi wa ndani hawataki historia, wanataka picha."

Hapo ndipo nilipoamua kufungua uzi huu.

Toleo? 1891 ina matoleo mangapi? Kama Mkwawa alijenga mnara wa Lugalo, basi na mimi nimejenga daraja la Kigamboni, ni toleo langu. Na hili la "wageni wa ndani wanataka picha" ndilo limenikaa kooni mpaka leo. Wale wazungu wa Nduli, wanaokwenda kuangalia tembo Ruaha, walikimbiliwa ili wasisubiri hata dakika tano uwanjani. Mama wa miaka sabini na ushee, aliyekuja kumsalimia mtwa wake, akapigiwa makofi kama kuku aliyeingia sebuleni. Hela tulituma sawa, tena sisi tulituma mapema.

Msiniambie "ndiyo utalii wa Bongo ulivyo, zoea". Ndani ya siku ile ile nimeona watu wa Boma na yule mzee wa Kalenga wakifanya kazi hiyo hiyo vizuri, wala hawakuwa na Noah wala tangazo la WhatsApp. Kwa hiyo inawezekana.

Ninachotaka kwao, na wanasoma humu najua: warudishe hela ya Isimila na Mlambalasi, warudishe kilichozidi kwenye viingilio, na yule kijana ampigie simu shangazi amwombe radhi kwa mdomo wake. Namba yake wanayo. Halafu wamweke chini wamsomeshe kwanza kabla hawajamkabidhi watu wengine, hata huyo mzee wa makumbusho angemfundisha kwa kikombe cha chai. Nimewapa hadi Ijumaa. Wakinyamaza, ninayo stakabadhi ya muamala na tangazo lao, naenda kushitaki panapohusika.

NYONGEZA: Naona kuna mdau ameshaandika kwamba nimechukulia mambo kibinafsi kwa sababu ni Mhehe. Ndugu, ungepelekwa kwenye kaburi la babu yako ukaambiwa aliyelala humo ni mtu mwingine, ungechukulia kiofisi?

Na ombi kwa wenyeji: shangazi amegoma kurudi Uyole. Anasema hapandi basi mpaka afike Mlambalasi. Mwenye gari la juu linaloweza njia ile, au anayemjua dereva mstaarabu asiye na wazungu wa kuwahi, aweke bei hapa. Tupo watano, tutaondoka asubuhi na mapema, mafuta tunaweka sisi. Mwongozaji hatuhitaji.