Kuchapisha mkusanyo wa katuni ya mtandaoni bila mtaji: nianzie wapi hapa Moshi?

Mchoraji wa Pasua (Moshi)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninachora hadithi ya picha inayotoka mtandaoni kila wiki, inayomhusu binti wa dereva anayesafirisha ndizi kutoka Marangu hadi soko la Mbuyuni. Msimu wa kwanza umekamilika, na wasomaji, hasa walimu na wazazi wasiopenda watoto washinde kwenye simu, wananiomba kitabu cha kushika mkononi. Nakusudia kukichapisha mwenyewe, kwa kuwa wachapishaji ninaowafahamu wamejikita katika vitabu vya kiada. Sina mtaji, na njia ninazozifikiria ni tatu: kukopa, kuchangisha kupitia jukwaa la nje kama Kickstarter, au kuwaomba wasomaji walipie kabla ya kitabu kutoka. Ipi kati ya hizo haitanifunga? Aidha, naomba kujua kazi ya kiufundi inayonisubiri kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, kwani michoro niliyopandisha ina upana wa pikseli 800 na niliipanga isomwe kwa kuteremsha skrini.

Mpangaji wa kurasa, Kijenge (Arusha)

Dada, nianze na hizo pikseli 800, maana zitagusa bajeti yako kuliko unavyodhani. Picha ya rangi inayochapwa vizuri huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho pikseli 800 zinajaza upana wa sentimita 6.8 tu, ilhali ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148 na unadai pikseli zipatazo 1,750, bila kuhesabu milimita 3 za ziada kila upande ambazo kisu cha kiwandani huzipunguza. Tafuta faili za asili ulizochorea kabla ya kuzipunguza kwa ajili ya mtandao. Ukikuza zile ndogo, mistari itaingia ukungu, na hakuna mpiga chapa atakayeweza kuiokoa.

Linalonigusa zaidi ni mpangilio. Katika hadithi ya kuteremsha, nafasi tupu ndiyo muda: msomaji anashuka, kimya kinarefuka, kisha tukio linamfikia. Kitabuni kazi hiyo hufanywa na kitendo cha kufungua ukurasa, kwa hiyo jambo la kushtua liwekwe mwanzoni mwa ukurasa wa kushoto, mahali ambapo jicho haliwezi kufika mpaka msomaji afunue. Ukibandika visanduku vyako kwa mfuatano uleule ili mradi nafasi ijae, utapata kitabu ambacho kila siri imefichuka kabla ya wakati wake. Nakusihi uchapishe kurasa zote kwa mashine ya kawaida ya ofisini, uzikunje ziwe kijitabu, umpe mtu asiyeijua hadithi aisome mbele yako, nawe uangalie pale anapokwama.

Kuhusu rangi, skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali chapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na buluu na kijani zinazong'aa kwenye simu hufifia karatasini. Maneno yote ya kwenye viputo yawe ya wino mweusi peke yake, kwa sababu herufi ndogo zikijengwa kwa wino nne, karatasi ikisogea kidogo tu mashinini utaona vivuli pembeni mwake. Ikiwa kitabu kitabanwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Na usiruhusu kazi ianze kabla hujashika prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio, na kuitia saini.

Mweka hazina wa kikoba, Sakina (Arusha)

Mimi nitajibu la fedha. Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, haijaiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo wakazi wake wanaweza kufungua kampeni. Ndugu aliyeko Ujerumani au Marekani anaweza kukufungulia, lakini ahadi zote kwa wachangiaji, pamoja na masuala ya kodi ya huko, zitakuwa juu ya jina lake, na jukwaa lenyewe hukata asilimia 5 ya fedha zilizopatikana, mbali na ada za malipo. Hata hivyo, ipo kanuni yao moja ambayo ningependa uichukue kama ilivyo: lengo lisipofikiwa ndani ya muda uliotangazwa, hakuna anayetozwa.

Mikopo ipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwa wanawake na vijana mlango wake ni kikundi kilichosajiliwa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao hukopesha wasanii. Siidharau mikopo hiyo. Lakini kitabu cha kwanza huuzwa polepole, maduka hupokea nakala na kulipa baada ya kuuza, na rejesho haliwezi kusubiri mwendo huo. Mimi ningechagua malipo ya awali.

Tuseme mpiga chapa amekuandikia shilingi 6,000 kwa nakala ukichapa nakala 200. Jumla ni 1,200,000. Ukipanga bei ya 12,000, wasomaji 100 waliolipa kabla wamemaliza deni lote la chapa, na nakala 100 zilizobaki ndizo za kuuza taratibu. Duka likitaka asilimia 30, utabakiwa na 8,400, bado juu ya gharama. Kwa bei ya 8,000 duka hilohilo lingekuachia 5,600, yaani ungekuwa unalipia watu wasome. Kwa idadi ndogo kama hiyo tumia chapa ya dijitali. Ofseti, yaani uchapaji wa mashine kubwa zinazotumia pleti (mabamba ya kuchapia), ina gharama ya pleti hizo na maandalizi inayolipwa hata kabla ya nakala ya kwanza, na faida yake huonekana idadi ikiwa kubwa. Fedha zipokelewe kwa lipa namba iliyo mbali na simu yako ya matumizi, na kila aliyelipa aandikwe daftarini.

Mkutubi mstaafu (Moshi)

Mwanangu, omba ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kabla jalada halijakamilika, kwa kuwa namba hiyo hukaa nyuma ya jalada pamoja na msimbo wa mistari. Hakimiliki unayo tangu ulipochora, na chini ya sheria ya mwaka 1999 hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi. Kama maneno yaliandikwa na mwenzako, mwandikiane mkataba sasa, kabla fedha hazijaingia. Soma pia masharti ya jukwaa unakopandishia kazi, uhakikishe haki ya kuchapa kitabu hujaikabidhi kwao.

Mchoraji wa Pasua (Moshi)

Shikamoo, mzee, na ninawashukuru nyote. Faili za asili ninazo, zenye upana wa pikseli 2,400, na maneno niliandika mwenyewe. Nimebakiwa na swali moja kwa mweka hazina: wakilipa watu 70 badala ya 100, nirudishe fedha zote?

Mweka hazina wa kikoba, Sakina (Arusha)

Ulichotangaza ndicho utakachofuata, kwa hiyo kiandike mapema. Muombe mpiga chapa bei ya nakala 200 na ya nakala 120, kwa maandishi, kisha utangaze malengo mawili. Kwa mfano, ikiwa nakala 120 zitagharimu 7,000 kila moja, jumla ni 840,000, na wasomaji 70 kwa bei ya 12,000 wameileta kamili. Walio nje ya Moshi walipe nauli ya kifurushi cha basi juu ya bei hiyo. Wasipofika 70, rudisha kila shilingi pamoja na ada ya kutuma. Fedha ya ada hiyo itenge kutoka mfukoni mwako kabla hujafungua malipo.