Naomba ushauri: kuhamia Entebbe bila gari

Habari zenu ndugu. Nafanya kazi Kampala, na nimechoka na boda, vumbi na foleni. Juzi nililala kwa shangazi, Entebbe, pale Kitooro. Asubuhi nikatoka na ndala tu, nikanunua rolex ya moto, yaani chapati iliyokunjwa na mayai mawili na nyanya, nikala huku natembea hadi bustani ya mimea, ile ya tangu 1898. Tumbili mmoja akanifuata, macho kwenye mkono wangu! Waingereza waliufanya mji ule makao ya serikali yao, na kivuli cha miti bado kipo. Soko, ziwa, vyote ni mwendo wa miguu. Jina lenyewe ni kiti kwa Kiganda, basi nami nataka kukaa.

Shida ni kazi. Ni kilomita kama 40 kila upande, na barabara mpya inalipiwa tangu 2022. Mnaopanda taksi (matatu) kila siku, mnatoka saa ngapi? Mnafika mkiwa na nguvu? Na visubi wa ziwani huingia hadi chumbani? Shangazi anasema nitazoea, ila yeye hana bosi.